Mishono Arubaini na Mmoja

Kata duara kwanza.
Bilauri huteleza; tumia kifuniko cha kopo la maziwa,
kile kizito, chenye kutu ukingoni,
kikishika kitambaa hakiachi.
Chini bukramu, juu kipande chochote
kilichochoka kuwa nguo lakini hakijachoka rangi.
Kisha uzi, rangi mbili tu.
Tatu ni harusi.

Hivyo namwambia Salhina, aliyenijia hapa Jadida
na jaketi la jinzi, mtumba wa Chake, elfu nane,
mgongoni pana doa la grisi.
"Lifunike," anasema, "lisionekane kabisa."
Doa halifunikwi, mwanangu, doa hupewa kazi.
Tukakata kiraka, katikati tukaacha dirisha,
doa lenyewe likawa gamba la kaa:
miguu minane ya uzi wa kijani,
gando moja kubwa kuliko jingine
kwa kuwa mkono uliniponyoka.
Akalivaa, akatoka mlangoni ubavuubavu.

Mama yangu, Bi Mize, asingelikubali kaa yule.
Karafuu zikishachumwa,
suruali za kaka zangu zikirudi nyumbani magoti wazi,
alizigeuza, akatia kipande kwa ndani,
uzi wa rangi ile ile,
mishono midogo kama mayai ya chawa.
"Umaskini una adabu zake," alisema,
"haukai barazani."
Nilimcheka.
Viraka vyangu mimi vinakaa barazani
na vinapiga soga.

Juzi nilifungua sanduku, natafuta bafta ya kukata.
Kanzu ya marehemu baba, ile ya Ijumaa.
Mkasi umeshafungua mdomo
kidole kikagusa ugumu chini ya mfuko.
Kiraka.
Kwa nje sikukiona, na mimi ndiye fundi,
mimi ndiye ninayeitwa fundi Wete nzima.
Nikafumua mshono mmoja mmoja;
umeme ukakatika, nikaendelea kwa taa ya simu.
Chini yake kitundu cha mviringo,
kidogo kuliko kifungo cha shati,
ukingo mweusi, umekakamaa.

Baba, mwalimu wa chuo,
aliyemchapa kaka Shaame bakora kumi
kwa kipisi kimoja cha sigara
ambacho hata hakikuwa chake.
Baba, aliyetafuna karafuu kila alasiri
akirudi kutoka msikitini kwa njia ndefu,
na sisi tukisema: Mpemba huyo, hasa.

Mama alijua.
Alikaa na kanzu mapajani,
akakata bafta, akatunga uzi,
wala hakuuliza, au aliuliza tukiwa tumelala,
akanyamaza miaka thelathini
kwa mishono arubaini na mmoja.
Nimeihesabu.

Nilitaka kukitoa nje kiraka kile,
nikizungushie uzi mweusi, duara jeusi juu ya bafta,
nikishone kifuani pa nguo yangu
watu waulize.
Uzi nilishaulowesha kwa mate, sindano i mkononi.

Nikakirudisha. Kwa ndani, pale pale.
Mishono yangu mikubwa, imepinda,
atakayepapasa atajua palipita mikono miwili.

Leo Salhina kaiona inaning'inia ukutani.
"Na hii nyeupe, huikati?"
Nikamwambia imeoza,
haishiki uzi.