Nyumba Isiyo na Dari

Nyumba yetu ya Isevya haina dari.
Kuta zinaishia pale mkono ulioinuliwa unapoishia,
juu yake ni mbao, mchwa na bati,
na kinachosemwa chumba cha kwanza
hufika chumba cha sita kikiwa bado cha moto.

Ndivyo mtoto wa Nyamizi alivyokuwa wa wote.
Alianza saa nane za usiku, honi ya treni ikishalia stesheni,
na hakuna aliyeweza kusema hakusikia.

Kalunde, muuza michembe, alisema ni chango.
Alisema kutoka kitandani, kwa sauti, kuta mbili mbali:
"Mkande tumbo! Mpe maji ya uvuguvugu!"
Mwalimu Mihayo hakusema. Alihesabu.
Nilimsikia akinong'ona, moja, mbili, tatu,
kati ya kilio na kilio,
kana kwamba jibu litatoka namba kamili.
Lugendo, mlinzi wa ghala la tumbaku,
usiku asio na zamu alijifunika mto kichwani
akamlaani mwenye nyumba.
Mara moja tu nilimsikia, chini kabisa ya sauti yake,
akimwitikia mtoto: "Najua, baba. Najua."
Asubuhi alipita uani bila kumsalimu mtu.

Mimi ni fundi cherehani.
Sindano kabla haijakatika hubadili sauti,
kidogo sana, kama mtu anayemeza mate.
Miaka kumi na tisa nimeisikia, nikaondoa mguu kwenye pedeli.
Kwa hiyo nilisikia.
Kilio cha njaa hupanda ngazi,
husimama kila kipandio kuona kama kuna anayekuja.
Cha maumivu hakijui ngazi, huanzia juu kwenye bati.
Na kipo kingine, chembamba, cha puani,
cha mtu aliyechoka kubebwa, kubembelezwa, kutikiswa,
anayeomba alazwe chini, aachwe.

Hicho ndicho alichokuwa akilia.
Nilijua, nikanyamaza.
Niliwahi kusema neno juu ya homa ya mtoto wa watu,
Kalunde akanigeukia mbele ya foleni ya bombani:
"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."
Methali haina mlango, huwezi kuipigia hodi.
Nikarudi na ndoo nusu.

Lakini mwili haukuwapo bombani siku ile.
Kilio kilipoanza, miguu yangu
ilikuwa imeshashuka sakafuni
kabla sijaiuliza inakwenda wapi.

Halafu ukaja usiku mmoja wa kiangazi.
Saa nane. Honi.
Kimya.

Nilingoja. Nikasikia na wenzangu wanangoja.
Kitanda cha Mihayo kikalia, hana cha kuhesabu.
Kalunde akakohoa kikohozi cha uongo.
Komeo likafunguka, na jingine, na langu.
Tukajikuta uani, kanga na bukta,
Lugendo na tochi, Kalunde na chupa ya maji ya uvuguvugu,
na hakuna aliyelitamka tulilokuwa tukiliwaza.
Tukagonga. Tukagonga kwa ngumi.

Nyamizi akafungua. Shavuni alama za mkeka,
macho ya mtu aliyelala kwa mara ya kwanza
tangu karanga zivunwe.
Akatutazama mmoja mmoja.
"Alikuwa amelala," akasema.

Nyuma yake, gizani, ikaanza.

"Njaa," akasema Mihayo.
"Chango," akasema Kalunde, akinyoosha chupa.
"Hasira," nikasema. Nilishtuka kuisikia sauti yangu.
"Tumemwamsha. Mlaze chini, umwache."

Kalunde akafungua mdomo kuileta ile methali.
Nyamizi alikuwa ameshainama.

Kilio kikapanda, kikahamia puani, kikalegea,
kikakatika kama uzi ukatwao kwa meno.
Tulibaki palepale tukisikiliza pumzi isiyo yetu.
Lugendo akazima tochi.
Kalunde akayatazama maji yake kitambo,
kisha akayanywa.