Langgam

Kwetu Lipa, aso ni mbwa.
Hapa Siaton, aso ni moshi.
Siku yangu ya tatu ukweni
mavyaa alipiga ukelele kutoka uani: Aso!
Nami, mkamwana mtiifu, nikashika ufagio
nikatoka mbio kumfukuza mbwa,
na nyuma yangu wali ukaungua hadi ukawa makaa.
Crisanto alicheka. Mama yake hakucheka.

Miaka kumi na minne tulikula meza moja
kila mtu na maneno yake shavuni.
Akisema langgam, napangusa kwa siki rafu ya sukari,
nasaka sisimizi,
kumbe kidole chake kiko dirishani,
kwa ndege mwenye kifua cha manjano
aliyekwisha kuruka.
Nilijifunza polepole, kama anayechambua mchele gizani.
Yeye, Bi Visitacion, alikataa kujifunza.
Ndivyo nilivyodhani.

Novemba akawa hainuki tena.
Alfajiri moja akasema, langgam,
sauti nyembamba kuliko uzi wa kutarizi.
Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kitambaa.
Nikaurudisha. Sasa nimeiva, nikajiambia,
nikafungua dirisha lote
ili amwone ndege wake.

Akatikisa kichwa.
Akainua ncha ya shuka, kwa shida.
Sisimizi walikuwa wamepanga foleni kwenye goti lake,
wakishuka mguu wa kitanda
hadi kikombe cha tangawizi nilichokisahau sakafuni.

Neno lilikuwa la kwetu, Lipa.
Hata lafudhi.