Ufunguo wa Kufuli Nyekundu

Kinu cha Andayi, sokoni Luanda, kimenyamaza tangu saa mbili.
Mota moja iko wazi tumbo, ya pili nzima,
lakini zote mbili zanyonya swichi moja.
Watu wamekalia madebe ya mahindi, wananitazama.

Nimezima. Nimetia kufuli nyekundu,
nikaning'iniza kadi kwa uzi: USIWASHE. MTU YUMO NDANI.
Ufunguo nikautia mfuko wa shati.
Ayuma akanyoosha kiganja:
"Nipe, fundi. Aingiaye ndiye mshika ufunguo."
Mimi miaka ishirini na sita ya kazi; yeye miezi saba.
Nikampa. Sikufurahi.

Akagusisha testa kwenye waya utokao nguzoni: ikawaka.
Kwenye uliozimwa: kimya.
Akarudi kwa ule wa nguzoni: ikawaka tena.
Maana testa nayo hufa,
na ikifa huapa kwamba kila waya ni maiti.

Saa sita Andayi kaja, jasho na simu:
"Washa kidogo tu, fundi. Gorogoro tatu za mama huyu, basi."

Kidogo Tu. Namjua huyo.
Nilikutana naye Webuye, Mukhwana akiwa darini na koleo,
mimi nimetoka kununua skrubu.
Akapita mtu mwema, mwenye haraka,
akaona swichi imelala, akaiinua.
Haikuwa na kufuli. Haikuwa na kadi.
Wakasema kauawa na stima.
Stima haikulijua jina lake.
Mimi nililijua.

Nikamgeuzia Andayi mifuko yangu yote:
kalamu ya risasi, utepe mweusi, makombo ya mandazi.
"Uko wapi ufunguo?"
"Uko na mwenye roho yake."
Akatema mate kando.
Mama akajitwika beseni, akaenda zake
akininung'unikia kwa Kinyore, na nilisikia kila neno.

Saa tisa kasoro Ayuma akatoka, nyusi nyeupe kwa unga.
Akahesabu koleo, bisibisi, glavu zake za mpira.
Akahesabu na watu: mimi, yeye,
mtoto wa Andayi apendaye kuchungulia.
"Wewe, simama huku."
Akainamisha shingo, akavua uzi wenye ufunguo,
na kabla hajafungua kufuli akauliza, kwa sauti,
kama mtu apigaye hodi:
"Fundi, u salama?"

Nikachelewa kujibu.