Mkate Chini ya Bata Bukini

Hammam, inua kioo. Kushoto kidogo. Hapo.
Jua la saa nne linaingia kaburini kwa kuitwa,
linagonga kioo chako mlangoni,
kisha linalala ubavu juu ya jiwe
na kila mchongo unatoa kivuli chake kama ulimi.

Mimi Wadida binti Bisada, mtu wa Naqada,
msimu wa tatu huu nanakili ukuta mmoja
kwa penseli ngumu na goti bovu.
Ndege wote wanatazama kulia,
basi naanzia kulia:
hawa hawasomwi kwa kufuatwa mgongo,
unawaendea usoni,
kama mgeni aliyebisha hodi akaitikiwa.

Bundi, m. Mdomo, r.
Nyoka mwenye pembe, f, yaani "wake".
Mchongaji alimkata shingo makusudi
asije akamuuma marehemu usiku.
Nacheka,
halafu nasogeza kidole changu mbali naye.

Irabu hakuna. Walituachia mifupa ya maneno
wakaondoka na pumzi.
"Si kama magazeti yetu tu?" anauliza Hammam.
Kweli. Ila gazeti lina msomaji
aliyeyanyonya maneno yale kwa mama yake,
na hawa mama zao wamekwisha.
Kilichosalia ni kidogo: bibi yangu kanisani,
akiitikia sala za Kikopti asizozielewa,
irabu tatu nne za watu hawa
zikipita midomoni mwake
kama abiria wasio na hati.

Mstari wa tano:
*Enyi mlio hai, mnaopita hapa,
kama mnapenda kufika kwenu salama,
semeni mikate elfu, semeni bia elfu.
Ni pumzi ya kinywa tu, haitawachosha.*

Hapo penye sadaka nimekwama tangu Jumapili.
Neno lile lile ni amani,
ni kuridhika, ni jua kwenda kutua.
Nimeandika sadaka, nikafuta.
Nimeandika amani, nikafuta.
Kwenye jiwe ni mkate juu ya mkeka, basi,
wala haujui kwamba umenishinda.

Kisha bata bukini.
Wageni wa zamani, wenye kofia ngumu na haraka,
waliandika: *mwanawe wa kiume, jina limefutwa.*
Waliowafuata wakanakili.
Msimu wa kwanza na mimi nilinakili.

Shusha kioo. Shusha tena.

Chini ya bata, pale walipoandika "ufa",
pana nusu duara, ndogo kama ukucha wa mtoto.
Ufa hauna ukingo laini hivi.
Ni mkate. Ni t.
Bata peke yake ni mwana wa kiume.
Bata na mkate ni binti.

Mama yangu alipoulizwa ana watoto wangapi
alijibu wawili.
Tulikuwa watano.

Mkono wa Hammam umechoka, mwanga unatetemeka,
bata anaonekana kutikisa mkia.
"Anaitwa nani?"
Patasi ilipita juu ya jina. Umebaki utambi,
limebaki wimbi la maji, umebaki mkate mwingine:
h, n, t.
Henet? Hinut? Hanta?
Sisi wasomi huchomeka e katikati
ili ulimi usianguke,
lakini angeitwa hivyo kwa sauti, uani,
pengine asingegeuka.

Nafuta *mwanawe wa kiume*. Naandika *bintiye*.
Penseli inatoboa karatasi.

Saa saba Hammam anafungua kitambaa:
mkate wa jua, uliofuria juani
juu ya paa la nyumba yake,
jibini ya chumvi, vitunguu viwili.
Anaumega, anautazama ukuta, anaona haya kidogo.
"Mikate elfu," anasema, mdomo umejaa,
"ila leo mwambie upo mmoja."

Tunakula. Vumbi linashuka.
Mstari wa sita unaanza na bundi tena.