Upande wa Mke

Ukumbi umekodiwa kwa saa moja tu, Mama.
Tuliingia saa sita na dakika arobaini;
saa saba na dakika arobaini yupo bibi harusi mwingine
kwenye korido, shela mkononi,
anangoja mashine ya moshi ijazwe maji.
Orofa ya chini, shangazi zangu wa Daegu
wameshatoa bahasha zao, wameshapokea kuponi,
wanachagua kamba wakubwa
kabla sijamaliza kusema ndiyo.

Siulaumu ukumbi. Niliulipia mwenyewe,
kwa kadi, kwa awamu sita.

Ila nyuma ya jukwaa kuna kile chumba kidogo,
kiwambo chenye maua manene mekundu, mito miwili, meza fupi.
Gauni jeupe limetundikwa ukutani kama mtu aliyechoka.
Nimevishwa joho la kukodi,
mikono yake ya mistari ingeficha watoto wawili.
Na vile vidoti vyekundu mashavuni
ambavyo Bibi alipakwa kwa kidole,
vyangu ni stika. Kimoja kimeanza kubanduka.

Matunda ya ukumbi ni ya plastiki, niliuliza.
Kunazi hizi umezileta wewe kutoka Gyeongsan
ndani ya boksi la viatu,
pamoja na njugu za mlimani, kahawia, ngumu.
Kunazi ni mvulana. Njugu ni binti.
Hesabu ya kale, kila mtu anaijua.

Mhudumu akasema, kama alivyowaambia maelfu:
"Wazazi wa bwana harusi wakae.
Upande wa mke usubiri nje."
Hakuwa na ubaya. Ndivyo alivyokariri.

Nawe ukainuka, Mama.
Ukaokota mkoba, ukauendea mlango
kwa wepesi wa mtu anayeijua njia.

Hapo nikaikumbuka ile picha,
mwaka wa themanini na sita:
wewe umeinama, paji la uso juu ya mikono,
mbele ya wazazi wa mumeo,
na kando, mlango haukufungwa vizuri,
kiatu cha babu yangu.
Kiatu tu.

"Hapana," nikasema,
na sauti ikatoka kubwa kuliko ile ya jukwaani.
"Mama yangu anakaa."

Gyu-tae akatafuta mto mwingine. Mama yake akasogea,
kidogo tu, kama unavyompisha mtu kwenye benchi la hospitali.
Kule kusogea kwake ni deni langu.

Tukainama. Goti langu lilialika.
Tukatandaza kitambaa, tukashika ncha nne,
na wewe hukujua kurusha.
Nani angekufundisha?
Mal-sun, uliyeitwa wa Mwisho
ili wasichana wakomee kwako,
ulijaza konzi ya kunazi
ukaniuliza kwa midomo bila sauti: ngapi?

Unajua nisemavyo kuhusu watoto.
Tumegombana hadi chai ikapoa.

Ukaitazama konzi. Ukazirudisha zote mezani, moja moja,
mhudumu akitazama saa.
Ukachukua njugu. Moja.
Ukairusha kwa chini, polepole,
kama unavyomtupia funguo mtu wa nyumbani.

Tumo kwenye lifti sasa, tunazifuata tambi zilizopoa.
Stika imedondoka, sijui wapi.
Fungua kiganja changu, Mama.
Nimeishika.