Mpaka

Helju anataka jibu kabla ya Ijumaa.
Ijumaa watoto wa dada yake wanakuja na gari kutoka Pärnu
kumhamishia kwenye nyumba ya wazee
wanakoruhusu redio, picha za ukutani, mto wako mwenyewe,
ila si paka.

Mimi naishi chini yake, Mtaa wa Oa, yaani Mtaa wa Maharage.
Hapa Tartu tuna kitongoji kizima chenye majina ya mboga,
usiniulize kwa nini, mimi mwenyewe nilizaliwa Mtaa wa Viazi.
Nina jiko la kuni, kiti kimoja cha maana,
na Tuhk, paka wa kijivu, jicho moja, miaka kumi na mmoja,
ambaye hajawahi kugawana na mtu chochote
isipokuwa manyoya.

Mafahali wawili hawakai zizi moja, nilimwambia Helju,
nikajiona nimemaliza maneno.
Alicheka hadi akashika kifua.
"Kaljo, wote wawili wamehasiwa. Fahali yuko wapi?"

Nimepiga hesabu nyuma ya bahasha ya bili ya umeme:
chakula mara mbili, mchanga mara mbili,
daktari, maana mwaka jana jino moja tu la Tuhk
lilikula kuni za mwezi mzima.
Pensheni yangu ni ileile. Haizai.
Nikageuza bahasha niandike sababu za kukubali.
Nikaandika: Villem.
Nikakwama hapo. Jina si sababu.

Usiku baridi ikashuka, kumi na tisa chini ya sifuri,
mbao za nyumba zikialika kama vidole vya mtu anayejinyoosha.
Tuhk alikuwa amelala juu ya goti langu lile bovu.
Huko juu Villem akaruka kutoka dirishani: tu!
Kisha hatua zake, moja moja, hadi jikoni kwa Helju.
Kichwa cha Tuhk hakikuinuka.
Sikio ndilo lililomfuata, likigeuka polepole,
kutoka dirishani hadi jikoni, likatulia.

Miaka tisa. Na mimi nilidhani anatazama taa.

Lakini sitaki kujidanganya. Kumsikia mtu juu ya dari
si kula naye sahani moja.
Hata Helju mwenyewe nampenda zaidi akipitia kwenye mbao:
kikohozi, redio ya saa kumi na mbili,
kijiko kinachozunguka kikombeni kupita kiasi.
Na usiku ule wa Novemba alipoanguka
ni Tuhk aliyeanza kulia, uso juu, mdomo wazi,
nami nikamfokea anyamaze.
Nikamfokea mara mbili.
Hilo sijamwambia Helju. Sijamwambia mtu.

Daktari kaniambia kwenye simu: anza na harufu.
Mpanguse huyu mashavu, kampake yule.
Pua kwanza, macho baadaye.
Funga mlango mmoja uwe mpaka,
kila mmoja ale upande wake.
Mpaka lini? nikauliza.
Mpaka wauzoee, akasema, halafu uufungue kidogo,
na usikimbilie kuamua ugomvi.

Leo ni Jumatano. Nimepanda ngazi kumi na saba
na taulo kuukuu begani kama kinyozi,
limejaa Tuhk.
Helju kafungua mlango na koti mwilini, ndani ya nyumba.
Katikati ya masanduku alikuwapo Villem,
mweupe, mnene kuliko hatua zake.

Sikusema ndiyo.
Nilisema, hebu tuone kama ataikubali harufu.
Nikalitandika taulo sakafuni.
Villem akanusa pembe moja, akanusa ya pili,
akanitazama kama karani anayetazama barua isiyo na muhuri,
kisha akalikalia.

Helju aligeuka, akaanza kutafuta kitu
kwenye kabati ambalo tayari lilikuwa tupu.