Kati ya Isanga na Uyole

Subilaga wa bima alinipigia Jumatano,
sauti imebanwa na mafua ya Juni:
"Mkataba wako unakwisha tarehe thelathini,
saa sita usiku. Unahuisha?"
Nikamwambia nahama. Jumamosi, tarehe ishirini na nane.
Akanyamaza. Nikasikia karatasi zikifunuliwa.

"Basi baba, njia ni mbili.
Nikuandikie kiambatisho, bima ikufuate Uyole
kwa siku hizo zilizobaki: elfu kumi na tano.
Au uvumilie mpaka Jumatatu,
tuanze upya, nyumba mpya na karatasi mpya."

Elfu kumi na tano!
Mimi niliyelipa miaka kumi na mmoja
bila kudai hata kioo cha dirisha,
hata mwaka ule tetemeko lilipopasua ukuta wa jikoni
nikauziba mwenyewe, kwa saruji na kiburi.
Nikasema, nitavumilia.
Ubahili nao una ushujaa wake, mpaka giza liingie.

Jumamosi Lusajo akaja na Fuso.
Tukapakia kabati la mama, cherehani,
meza yenye doa la pasi,
magodoro yamekunjwa kama chapati,
gunia la mbegu za viazi ambalo mke wangu, Atupakisye,
alikataa katakata kumwachia mnunuzi.
Nikafunga mlango. Nikaujaribu mara mbili, kwa mazoea.

Tulipofika Mafiati ndipo hesabu ikanijia,
mvuke wa pumzi ukitanda kwenye kioo:
nyumba niliyoiacha nyuma ina bima.
Imekingwa na moto, radi, mwizi, mafuriko,
na ndani hamna kitu
ila msumari wa saa ya ukutani
na mistari ya penseli kwenye fremu, urefu wa Gwakisa
tangu chekechea hadi alipokataa kupimwa.
Na huku nyuma yangu, vyote nilivyowahi kununua
vimefungwa kwa kamba ya katani,
vinayumba kila Lusajo akikanyaga breki.
Malori ya Tunduma yanatupita, yananguruma.
Mali iliyo njiani haina anwani.
"Polepole," nikasema.
"Mzee, niko ishirini," akajibu.

Uyole ilitupokea kwa baridi yake,
ile inayoingilia kwenye vifundo vya miguu.
Mama akaagiza jiko la mkaa.
Nikamwambia, mama, usiku huu tusiwashe moto.
"Kwa nini?"
Ungemwelezaje mtu wa miaka themanini na mbili
kwamba moto wa leo ni wetu peke yetu,
kwamba ule wa Isanga tulikuwa tumemgawia mtu?
Nikawasha. Nikaliweka karibu na mlango, dirisha wazi kiganja kimoja,
nikavuta ndoo ya maji, nikakaa juu ya gunia la viazi.

Wakalala.
Kila cheche ilipopasuka nilisimama.
Miaka kumi na mmoja nilikuwa nikilala usingizi wa kulipiwa,
nikidhani ni wangu.
Saa nane mkaa ukawa majivu, nami bado naulinda.
Usiku wa pili vivyo hivyo, ila kamasi iliongezeka.

Jumatatu nilifika tawini kabla ya mlinzi kufungua geti.
Subilaga, shali mpaka masikioni, akauliza:
Bati au vigae? Bati.
Grili? Zote, ila choo.
Mto uko umbali gani? Unasikika, hauonekani.
"Na bima ianze lini?"
Nikasema, Jumamosi.
Akacheka mpaka akakohoa.
"Bima hairudi nyuma, baba.
Lakini ile ya Isanga bado iko hai hadi usiku wa leo."

Iache imalizie, nikasema.
Kuna msumari pale.

Akaanza kuandika jina langu, taratibu,
kwa ile kalamu iliyofungwa kwa uzi mezani.
Muhuri ulipogonga sikuusikia.
Nilikuwa nimelala, mdomo wazi,
kwenye kiti cha wateja.